Mimi ni mwandishi sio muigizaji, sasa nikasome maigizo ya nini?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, niko Morogoro, namalizia diploma ya uhasibu. Naandika hadithi fupi na mashairi, nyingi ziko kwenye simu tu. Kuna mtu kaniambia kama nataka kuwa mwandishi wa kweli nikasome sanaa za maonyesho, nijifunze kusema na kuigiza. Mimi sio muigizaji, nina sauti ndogo na nikisimama mbele za watu miguu inatetemeka. Mama naye anasema nikiacha hesabu nikaenda kucheza maigizo nisije kumlilia njaa. Je, mafunzo hayo yanamsaidia nini mtu anayetaka kuandika tu? Au nitapoteza muda?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kukaribia kumaliza. Nafundisha sauti na maigizo mwaka wa ishirini na kitu sasa na swali lako naulizwa sana, ila mara nyingi naulizwa na wazazi, kwa hiyo nimefurahi safari hii kuulizwa na mwenye jambo mwenyewe.

Yanasaidia, tena sana. Kwenye madarasa yangu wanaoondoka na mzigo mkubwa mara nyingi sio wale waliokuja kutafuta ustaa, ni wale wa kimya waliokaa nyuma na daftari. Watu wanadhani unaenda kule kujifunza kujiamini. Kujiamini kunakuja ndio, lakini kunakuja na kuondoka, mimi mwenyewe mpaka leo kuna siku nasimama mbele ya watu mikono inanitoka jasho. Kitu kinachobaki kwa mtu maisha yake yote ni sikio. Unajifunza kusikia watu wanavyosema, na kusikia wasichosema, alafu ukirudi kwenye karatasi huwezi tena kuandika kama zamani hata ukitaka.

Ngoja nikuoneshe kwa mfano maana hili ukilieleza tu linapotea. Kuna zoezi nalitumia wiki ya kwanza. Nachukua wanafunzi wawili, mmoja mama, mwingine mtoto aliyerudi nyumbani saa tano usiku. Mama ana neno moja tu, "Umekula?" na mtoto anajibu "Nimekula", basi, hakuna kingine. Mara ya kwanza wanasema tu kama wanasoma ubao, wenzao wanacheka, mwalimu sasa hii ndo nini. Namfuata yule mama namnong'oneza, jana ulimfukuza huyu mtoto, leo umefurahi karudi ila kuomba msamaha huwezi. Anasema "Umekula?" na darasa linatulia. Namnong'oneza tena, umeikuta hela ya kodi imepungua kwenye sanduku. "Umekula?" Hapo yule mtoto anarudi nyuma hatua moja na hakuna aliyemwambia arudi. Alafu ya tatu, ndani hakuna chakula na unaomba Mungu aseme ameshakula huko alikotoka. Hii ya tatu kuna dada mmoja aliifanya miaka mingi iliyopita, alikuwa ameshika ncha ya kanga, anaikunja anaikunjua, hakumtazama mtoto hata mara moja, akasema "umekula" kwa sauti ya chini kama anaongea na ile kanga. Na kijana aliyekuwa mtoto akakaa kimya kidogo, akameza mate, akasema "Nimekula mama." Neno mama halikuwepo kwenye zoezi. Aliliongeza mwenyewe kwa sababu alikuwa ameelewa, na alikuwa anamdanganya kwa kumpenda.

Mwandishi aliyekuwepo pale siku ile, akienda kuandika, ataandika tena kweli "Mama alihuzunika sana kwa kuwa hapakuwa na chakula"? Hawezi. Ataandika kanga. Ataandika lile neno moja na atakuachia wewe msomaji kazi iliyobaki. Na hilo halikufundishwa kwenye somo la uandishi, limefundishwa na mwili wa mtu aliyesimama mbele yako akiwa na neno moja tu mdomoni.

Kuna Mrusi anaitwa Stanislavski, yeye na mwenzake walianzisha ukumbi wao wa maonyesho kule Moscow mwaka 1898, na sehemu kubwa ya tunachofundisha leo kuhusu uigizaji imetokana na kazi yake. Mimi nimechukua kwake swali moja ambalo nalirudia mpaka wanafunzi wananichoka, huyu mtu anataka nini sasa hivi? Sio anajisikiaje, anataka nini. Chukua shikamoo yetu. Kijana kasema shikamoo, mzee kakaa sekunde mbili tatu ndo anajibu marahaba. Zile sekunde mbili kuna hadithi nzima ndani yake, kuna deni, kuna posa iliyokataliwa, kuna shamba. Au kijana kaitamka mbio mbio, "shkamoo", huku mguu mmoja uko mlangoni tayari. Sisi tunazo salamu zenye ngazi, mtu akifungua mdomo tu unajua nani yuko juu na nani yuko chini na nani anajaribu kupanda, hiyo ni mali kubwa sana kwa mwandishi na wengi mnapita juu yake kwa sababu mmeizoea. Kwenye mazoezi tunaisimamisha, tunaitazama.

Sasa pumzi. Hapa nitakaa kidogo, nisamehe, ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Somo la kwanza la sauti sio kusema, ni kupumua. Unalala chali sakafuni, mkono juu ya tumbo, unasikia tumbo linapanda na kushuka, na wengi mnagundua siku hiyo kwamba miaka yote mmekuwa mnapumulia kifuani juu juu kama mtu aliyeshtuka. Alafu tunaanza kutoa sauti, mmmm, midomo imefungwa, mpaka unasikia pua na mifupa ya uso inatetemeka. Alafu vitanza ndimi, wale wa Liwale hawali wali wa liwali na ndugu zake. Inaonekana mchezo wa watoto. Lakini wiki ya nne hivi nawaambia kila mtu alete kitu alichoandika mwenyewe akisome kwa sauti, na hapo ndo vilio vinaanza, maana sentensi iliyokuwa tamu kwenye simu inakukata pumzi katikati, umefika "ambaye" ya tatu na kitenzi bado hakijaonekana, mwenyewe unaona aibu. Hakuna mhariri atakayekufundisha haraka kama mapafu yako. Mdomo ukikwaa mahali mara mbili, pale pana kasoro, rudi uangalie.

Na ushairi wetu ulishalijua hili kabla ya sisi wote kuzaliwa. Wewe unaandika mashairi kwa hiyo unajua, mshororo wa kawaida mizani kumi na sita, yani silabi, nane ukwapi, kipande cha kwanza, nane utao, kipande cha pili. Shuleni tulifundishwa kuhesabu kwa vidole kama hesabu za duka. Hebu simama useme kwa sauti mstari huu, nimeutunga hapa hapa, "Nimetoka kwetu mbali, nimekuja na salamu." Umeona pale kwenye koma mwili wenyewe unataka kupumzika? Nane inaingia kwenye pumzi moja bila kujikaza, na inabaki akiba ya kuvuta herufi ya mwisho ukiwa unaimba, maana mashairi haya yalikuwa ya kughanwa na kuimbwa. Utenzi nao kila kipande ni mizani nane. Tunasema utenzi wa Mwana Kupona ni wa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, na mpaka leo ukiusoma kimya kimya unapata nusu, ukiusikia ukighanwa na mtu wa Lamu unapata mama. Kwa hiyo mtu akikuambia mizani ni pingu za wazee, kabla hujamkubalia au kumkatalia, kwanza jifunze kughani. Ukishaijua pumzi ndo utajua wapi uivunje na kwa nini, na hao wa mashairi huru nao walio wazuri wana pumzi, hawaandiki tu mistari mifupi mifupi.

Umesema una sauti ndogo. Nataka nikuambie kitu changu. Mimi nimekulia kijijini kanda ya ziwa, na kwetu r na l zilikuwa kitu kimoja, nilikuwa nasema "kulala" na "kurara" bila kusikia tofauti yoyote. Shule moja niliyosoma, mwalimu mmoja alikuwa ananisimamisha nisome ili darasa licheke. Nilinyamaza karibu miaka miwili. Najibu kwa kichwa, najibu kwa maandishi. Na huko kwenye kunyamaza ndo nikaanza kuandika, kwa hiyo nakuelewa vizuri sana mtu anayesema "mimi nataka kuandika tu", najua wakati mwingine lile neno "tu" linaficha nini.

Nilipokuja kusoma sauti nikiwa mtu mzima nilidhani nimekuja kufuta ile r yangu. Mwalimu aliyenifundisha akasema hapana, hatufuti, tunaongeza. Akanifundisha ulimi unakaa wapi kwenye r na unakaa wapi kwenye l, mazoezi ya kioo, mwezi mzima, nikaweza. Alafu akaniambia sasa niigizie bibi yako, na nikamsema bibi vile vile anavyosema, kwa r zake na l zake, na ilikuwa mara ya kwanza natoa ile sauti mbele ya watu na hakuna aliyecheka kwa dharau. Tangu hapo nikawa na milango miwili, naingia ninaotaka. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, walikubaliana hivyo kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ni jambo zuri limetupa lugha ya kuandikia kuanzia pwani mpaka bara. Lakini watu hawajaanza kusema kwa Kiunguja kwa sababu ya mkutano. Mama ntilie wa Msamvu ana kiimbo chake, konda ana chake, shehe ana chake, na ukipata mwalimu wa matamshi anayetaka wote mseme kama watangazaji wa taarifa ya habari, chukua ujuzi wake wa ulimi ila usimpe masikio yako. Hadithi ambayo wahusika wote wanaongea sanifu moja ni hadithi ya mtu mmoja aliyevaa nguo tofauti tofauti.

Unaweza kuuliza, je, kuna waandishi wa kweli waliopita njia hii? Wapo, tena wetu. Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, tamthilia yake Kinjeketile ilitoka 1969 na tunaisoma mpaka kesho. Ile tamthilia isome kwa sauti, ni sentensi fupi fupi, yule mganga wa vita vya Maji Maji, Kinjeketile mwenyewe, anagundua neno alilolizaa mwenyewe limekua limemshinda, na Hussein hakumpa hotuba ndefu ya kulieleza, kampa maneno machache yanayorudi rudi kama mtu anayehema. Aliyeandika vile alikuwa anajua mdomo wa muigizaji unabeba nini. Penina Muhando na Amandina Lihamba hali kadhalika, wasomi wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameandika, wamefundisha, Lihamba na kuigiza ameigiza. Nje ya kwetu, Chinua Achebe wa Nigeria kabla hajatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1958 alikuwa ameajiriwa redioni Lagos tangu 1954, kazi yake kuandaa maandishi yatakayosomwa hewani, yani kila siku anaandika kwa ajili ya sikio la mtu asiyemuona, na ukisoma wazee wake wanavyoongea unasikia kabisa hayo mazoezi. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Howard alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha chuo, wakasafiri nacho kusini mwa Marekani. Hakuishia kuwa muigizaji. Alikuwa na sikio.

Na redio usiidharau. Sisi wa umri wangu tumelelewa na mchezo wa redio Twende na Wakati, ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, yule dereva wa lori Mkwaju tulikuwa tunamchukia kama jirani. Hatujawahi kumuona. Kila kitu tulikipata kwa sauti, mlango, kikohozi, mtu anavyocheka akiwa anadanganya. Kama ungeniuliza mwandishi kijana aanzie wapi kujifunza mazungumzo ningemwambia aandike mchezo wa redio wa dakika kumi, maana pale huwezi kujificha nyuma ya maelezo ya jua lilivyokuwa linazama.

Turudi kwenye miguu inayotetemeka. Mwaka 1996 hao hao kina Mlama, ndo huyo huyo Penina Muhando, na Lihamba, wakitokea pale chuoni, walianzisha mradi kwenye shule za sekondari ukaitwa Tuseme. Wasichana wanakaa wanachambua wenyewe kinachowakwamisha shuleni, mimba, kunyanyaswa, kazi za nyumbani, wanakitengenezea igizo na ngoma na majigambo, wanaonesha mbele ya wenzao na walimu na wazazi, alafu linajadiliwa na wanakubaliana cha kufanya. Baadaye FAWE, shirika la elimu ya wasichana Afrika ambalo Mlama aliwahi kuliongoza, likaupeleka nchi nyingi. Nakutajia hili kwa sababu wale wasichana hawakuwa wanatafutwa wawe waigizaji. Walikuwa wanatafutiwa sauti. Binti anaanza kwa kusema maneno ya mhusika, maana kuyasema ya kwake anaogopa, na akishayasema ya mhusika mara tano sita anakuta njia imefunguka. Wewe pia utetemeke tu, kutetemeka hakuzuii. Mwambie mwalimu wako ukweli, aanze kukupa nafasi ndogo, mtu anayeingia na barua anaiweka mezani anatoka. Sauti ndogo nayo mara nyingi sio ndogo, imebanwa tu, mabega yako juu na taya imekaza. Ikifunguliwa utashangaa. Na hata ikibaki ya chini, kuna sauti za chini zinafika ukuta wa mwisho wa ukumbi kwa sababu mwenyewe anajua anasema nini na anamwambia nani.

Nisikufiche ubaya wake. Mafunzo haya yanaweza kukuharibu pia. Kuna wanaotoka na ile sauti ya mashindano ya shule, mikono inapaa, macho yanatoka, kila neno zito, alafu wanaandika hivyo hivyo, kila sentensi inapiga kelele. Kuna wanaonogewa na mazungumzo mpaka hadithi inakuwa watu wawili wanajibizana kurasa ishirini, hatujui wako wapi wala wamevaa nini. Na kuna wanaopenda kupigiwa makofi, wanashindwa kukaa peke yao, na kuandika ni kukaa peke yako. Ukiona mazoezi yanakunyima muda wa meza, punguza mazoezi. Ajira nayo sitakudanganya, cheti cha sanaa hakina ofisi inayokisubiri, wengi ninaowajua wanaishi kwa kuunganisha, anafundisha, anatia sauti matangazo, anaandika skripti, anaendesha shughuli za watu, mwezi huu ipo mwezi ujao haipo.

Kwa hiyo ushauri wangu, maliza diploma yako. Sikwambii hivyo kumfurahisha mama, nakwambia kwa sababu nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa kukosa mtu mmoja tu anayejua kuandika mapato na matumizi, na mwandishi anayejua kusoma mkataba na kutoza bei yake anaandika usiku bila hofu. Huku unamalizia tafuta kikundi hapo hapo Morogoro, kanisani, msikitini, chuoni, cha mtaani, chochote kinachofanya mazoezi kweli, kaa nacho miezi sita. Kama baada ya hapo bado moyo unakwenda huko ndo uangalie TaSUBa pale Bagamoyo, kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981, au chuo kikuu. Tamasha lao la kila mwaka nenda hata kama hutasoma, kaa mbele, tazama miguu ya waigizaji sio nyuso, uso unajua kudanganya.

Na wiki hii fanya hivi. Chukua hadithi yako moja, ile unayoipenda, jirekodi kwenye simu ukiisoma ukiwa umekaa kitandani. Usiisikilize. Kesho yake simama, vua viatu, pumua mpaka mabega yashuke, isome tena ukimwambia mtu mmoja unayemjua, mchague kabisa, na kila unapokwaa weka alama ya kalamu. Alafu sikiliza zote mbili. Zile alama za kalamu ndo somo lako la kwanza na hujalipia ada.

Kuhusu mama. Umeniambia anachosema ila hujaniambia kama ameshawahi kusikia hata hadithi yako moja, na nina wasiwasi hajawahi, maana umesema ziko kwenye simu tu. Usimpe simu asome, atatafuta miwani, atasema baadaye. Mfuate jikoni jioni, mwambie mama naomba nikusomee kitu, usome ukiwa umesimama, taratibu, bila kumtazama sana. Hatakwambia nzuri, mama zetu hawasemi hivyo. Atakuuliza kitu kama "umekula?" na wewe sasa utajua kusikiliza.